VPN ya kulipia: nyota tatu, zingekua nne kama sio Oktoba

Wakuu, jina la kampuni silitaji maana hawajanilipa kuwatangaza. Hii ni VPN ya kulipia, yani programu ya kupitishia intaneti yako nchi nyingine ili ufungue kilichofungwa kwenu, ninayo tangu mwezi wa sita 2025, na kabla yake niliteseka na ya bure kama wiki mbili hivi kwahiyo nazisema zote.

Mimi nauza raba za mtumba, nachukua mzigo Kariakoo ila nusu ya wateja nawapata X, ile iliyokua Twitter. Sasa tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya polisi huko X si ikadukuliwa, yakapostiwa mambo ya ajabu, na siku hiyohiyo X ikaanza kugoma. Mimi nikajua bando limeisha, nikanunua lingine, bado inazunguka tu, nikazima simu nikawasha, wapi! Hakuna meseji ya kusema tumekufungia, unakaa hapo unailaumu simu yako bure. Baadae ndo tukasikia serikali imeifunga, eti kwa sababu X inaruhusu picha za ngono, haya.

Ya bure msiguse. Kila ukitaka kuunganisha unaangalia kwanza tangazo la gemu, simu inapata moto mpaka unaitoa mfukoni, na bando linaondoka kama maji. Halafu jiulize, mtu kaweka seva, kompyuta za kukupitishia, nchi ishirini na hakudai hata mia, anakula wapi? Kila unachofungua kinapita kwake. Yani umemkwepa mlinzi wa getini halafu funguo za nyumba umempa bodaboda usiyemjua.

Hii ya kulipia inatoka kama buku nane kwa mwezi ukilipa mwaka mzima. Unabonyeza kitufe, sekunde tatu nne, ushakua Amsterdam. Inavyofanya kazi ni kama kutia barua kwenye bahasha iliyogundishwa, kampuni yako ya simu inaona bahasha inaenda Uholanzi ila ndani hawajui kuna nini. X ikafunguka, spidi nzuri, hata video haikwami. Hapo nawapa tano.

Kero sasa. Matangazo ya YouTube yakawa ya Kiholanzi, hilo dogo, ila programu ya benki ikaona naingia kutoka Ulaya ikanifungia akaunti. Nikaenda mpaka tawini, dada wa kaunta ananiangalia ananiangalia, "kaka umerudi lini Uholanzi?" nikamwambia dada mi hata Zanzibar sijafika. Kumbe kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua programu zisizopita kwenye VPN, weka ya benki na ya hela za simu kabla hujafanya chochote, hii hawakuambii popote.

Mwezi wa tisa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, nayo leseni ikasimamishwa siku 90 ikawa haifunguki, grupu zima la wauza raba likawa linaniuliza VPN inawekwaje, watu wazima kabisa, mmoja ana wajukuu. Shemeji yangu wa Kampala alinicheka sana, wao Facebook imefungwa tangu Januari 2021 kwenye uchaguzi wao, anasema VPN kwao ni kama sabuni, mgeni akija anaulizia ya kwako ni ipi.

Ila Oktoba 29 ndo nikajua nimenunua nini. Siku ya uchaguzi mchana intaneti ikakatika nchi nzima. Nikafungua VPN yangu kwa kiburi kabisa. Inaunganisha... inaunganisha... Amsterdam hakuna, Nairobi hakuna, Johannesburg hakuna. VPN ni njia ya panya, inakusaidia wakifunga geti, sasa hapa barabara yenyewe wameing'oa na njia ya panya ipite wapi? Siku tano hivi, mzigo umekaa ndani, wateja sijui wako wapi, na yaliyokua yanatokea mitaani kila mtu anahadithiwa na jirani. Net iliporudi tarehe 3 Novemba nikawaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu "tunakushauri ujaribu kubadilisha seva". Nyota moja ikaondokea hapo, sio kwamba wangeweza kufanya kitu ila kwenye tangazo lao wanasema intaneti huru popote ulipo.

Nyingine naikata kwa jambo ambalo sio kosa lao. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo anayetumia VPN ajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo, atoe taarifa zake mpaka anuani ya IP, ile namba ya kifaa chako mtandaoni, na kwenye kanuni kuna faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12 kwa anayetoa, anayemiliki au anayesambaza programu ya kufungulia yaliyokatazwa. VPN ya kuandikishwa ni sawa na kutoroka kwenu usiku huku umeaga. Na katiba ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila ya kujali mipaka ya nchi, mimi mipaka nimeivuka mpaka Amsterdam kwa hela yangu mwenyewe ya raba.

Kifurushi kinaisha mwezi wa sita na nitalipia tena, sina ujanja. Ila nimenunua na daftari, lile kubwa la kaunta, namba za wateja wote nimezihamishia humo kwa peni, na saizi ya mguu ya kila mmoja pembeni.