Mota ya lenzi na kasi ya fokasi: niliyoyaona mwenyewe

Kwa muda mrefu, fokasi ikikosea, yaani lenzi isipomlenga mtu atoke mkali, nilikuwa naisingizia kamera. Mchezaji wa kikapu anaruka, nabonyeza, picha inatoka ukuta wa nyuma ukiwa umekaa sawasawa na uso wake ukiwa ukungu mtupu. Nilishaanza kuweka akiba ya bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kisha nikaazimwa lenzi nyingine, nikaifunga kwenye bodi ileile, ukumbi uleule, na nusu ya matatizo yangu yakaisha.

Lenzi yangu ya zamani ni ya milimita 50, uwazi wa kupitisha mwanga f/1.8 (namba ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa), yenye mota ndogo inayosukuma vioo kwa gia. Ukibonyeza nusu shata, kitufe cha kupigia picha, unaisikia ikikoroma. Inapita mahali pake, inarudi, inapita tena. Mchana haisumbui. Taa zikiwa hafifu inachosha kweli.

Ile ya kuazima ina mota ya ultrasoniki ya pete. Haina gia: kauri hutetemeshwa kwa umeme, na mtetemo huo huizungusha pete yenyewe. Huanza papo hapo, husimama papo hapo, na huko kusimama ndiko nilikokupenda kuliko mbio zake. Pete ya fokasi unaigeuza kwa mkono wakati wowote bila kugusa swichi.

Sasa ninayo yenye mota ya mstari, ambayo sumaku zake husukuma vioo mbele na nyuma moja kwa moja. Ni kimya, na humfuata anayekimbia bila kusita. Siku ya kwanza niliitikisa ikiwa imezimwa, nikasikia kitu kikigonga ndani, moyo ulinipasuka. Kumbe si ubovu. Umeme ukikatika, kwenye baadhi ya lenzi hizi vioo hubaki bila kitu cha kuvishikilia.

Ukinunua lenzi kuukuu, angalia kwanza kama ina mota. Kamera ya Minolta 7000 ya mwaka 1985 ilikuwa na mota kwenye bodi, ikazungusha lenzi kwa skrubu, na ziko lenzi nyingi za namna hiyo. Kwa hizo, kasi hutegemea nguvu ya bodi, na bodi isiyo na mota itakuachia uweke fokasi kwa mkono. Kampuni ya Canon ilipoleta mfumo wake wa lenzi wa EF mwaka 1987 iliweka mota ndani ya lenzi yenyewe.

Ila usinunue jina la mota peke yake. Nimetumia milimita 85, f/1.2, yenye pete ya ultrasoniki, na ilikuwa nzito kusogea kuliko lenzi ndogo za bei nafuu. Mota ni nzuri, lakini mzigo wa vioo ni mkubwa, na kwa uwazi ule fokasi ikikosea kidogo tu jicho la unayempiga picha limekuwa ukungu.

Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, nayo fokasi yake ina safari ndefu kutoka karibu kabisa hadi mbali. Kama yako ina swichi ya kuwekea mpaka wa umbali, itumie. Mimi niliiacha wazi mwaka mzima.