Masaa mawili Soko la Darajani: uzoefu wangu niliposhuka melini

Nafua nguo kwenye meli ya watalii. Meli ikifunga gati abiria hushuka wote, sisi wafanyakazi hushuka kwa zamu, na bandari nyingi nimeziona kwa dirishani tu. Januari 2018 tulipofika Unguja nilipata ruhusa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba. Ukitoa ukaguzi wa getini na mwendo wa kwenda na kurudi, soko lilibakiwa na masaa mawili. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa miezi minne Kiswahili nilikuwa nakisikia kwenye simu tu, kwa hiyo wala sikujiuliza niende wapi.

Kutoka bandarini, mtaa wa Malindi hapo hapo Unguja, hadi Darajani nilitembea kama robo saa. Teksi za getini achana nazo, hakuna haja. Nilivua fulana ya kazini nikavaa shati la kawaida, na nadhani hilo lilinisaidia kwenye bei.

Jengo lenyewe ni la mwaka 1904. Upande wa samaki mnada ulikuwa bado unaendelea: jodari, changu, pweza wamemwagwa sakafuni, na sakafu yote maji. Vaa viatu vya kufunika vidole. Nje ndiko nilikokaa zaidi, kwa sababu ulikuwa msimu wa shokishoki na mafungu yamejipanga mekundu njia nzima. Matunda yasiyokaushwa hayaruhusiwi kupanda melini kwetu, hivyo nilinunua fungu moja nikalimaliza nimesimama palepale, maganda nikayarudisha kwenye mfuko wa muuzaji. Kisha bakuli la urojo lenye bajia na kachiri, pilipili kidogo, ukwaju wa kutosha. Chakula cha melini kinashibisha, lakini ukwaju hakuna.

Sasa viungo, ambavyo ndivyo hasa vilivyonipeleka. Mamangu aliuza viungo soko la Marikiti, Mombasa, miaka mingi, na kuna vitu alinifundisha. Vile vikapu vidogo vilivyofungwa tayari kwa watalii sivishauri. Mwenzangu wa kazini alinunua humo pakiti ya "zafarani". Tulipoitia kwenye maji ya moto ilitoa rangi nyekundu papo hapo, harufu hakuna. Zafarani ya kweli hutoa rangi ya dhahabu, tena polepole, na isitoshe hailimwi Unguja. Iliumiza, maana alikuwa anampelekea mkewe.

Mimi niliingia ndani zaidi, kwa mzee mmoja mwenye magunia ya wazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wa Mvita wewe?"

Maneno mawili tu na keshanijua ni wa Mombasa! Nilimwambia nipo melini, nina dakika chache, nataka iliki ya mama. Akanisukumia kiganja cha iliki: "Vunja mwenyewe uone." Nikavunja. Ganda kijani, ndani mbegu nyeusi, zimeshikana kwa unyevunyevu, harufu ikapanda mpaka machoni. Iliki ya zamani huwa na ganda jeupe na mbegu kavu za kahawia zinazomwagika zenyewe. Mdalasini akanipa nitafune, mwembamba na mtamu. Kungumanga alinionyesha ikiwa bado imevaa basibasi, utando wake mwekundu. Bei aliyotaja ilikuwa chini sana kuliko ya vikapu, nikapunguziwa kidogo, sikubishana tena. Nilimwomba afunge kila kitu kwenye plastiki mara mbili, kwa sababu getini kwetu viungo vikavu hupita vikiwa vimefungwa vizuri.

Kwa baharia mwenzangu atakayeshukia Unguja: nenda asubuhi, anza na viungo kabla ya kula, na uwe na shilingi mkononi, kwani wakati ule dola ilikufanya utajiwe bei nyingine. Ijumaa angalia saa, wengi hufunga kwenda kuswali. Kama una saa moja tu bado nakwambia nenda. Kasoro ninayoiona ni msongamano, na jua la kurudi bandarini lilikuwa kali.

Ile iliki ilikaa kabatini kwangu mpaka mkataba ulipoisha Mei. Nilipoifikisha Mombasa, mama alivunja ganda moja kwa ukucha, akalinusa, akaniuliza nimenunua kwa nani.