ASCII au UNICODE: ipi isome ritifaa ya Ng'ambo?

Nilikuwa nahesabu wateja wa duka moja hapa Unguja kwa mtaa, Ng'ambo ikatoka mistari miwili. Kwa macho inafanana kabisa. Ikabidi niulize namba za herufi zenyewe, na SQL Server, programu ya hifadhidata ninayotumia, inazo fanksheni mbili za kazi hiyo: ASCII na UNICODE.

Zote mbili husoma herufi ya kwanza tu, kwa hiyo nilianza kwa kuikata ya tatu, yaani ritifaa: SUBSTRING(mtaa, 3, 1). Mstari mmoja ulikuwa na ritifaa iliyonyooka. ASCII ikatoa 39, UNICODE nayo 39. Hapo huoni tofauti. Mstari wa pili ulikuwa na ritifaa iliyopinda, ile inayowekwa na programu za kuandikia bila wewe kuiomba. UNICODE ikatoa 8217, namba yake halisi popote duniani. ASCII ikatoa 146, ambayo ina maana ndani ya kodipeji (jedwali la namba za herufi) ya 1252 tu. Ukihamia mfumo mwengine inakupoteza.

Kwa majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ASCII kwenye kodipeji hiyo haifai hata kidogo. Herufi ع ni 1593 kwa UNICODE. ASCII hurudisha 63, yaani alama ya kuuliza. Lakini tahadhari: andika N'ع', na safu iwe nvarchar, aina inayohifadhi herufi za Unicode. Ukiisahau hiyo N, UNICODE nayo itakupa 63, maana herufi imeshapotea kabla ya kuifikia.

Mimi natumia UNICODE. ASCII naiachia safu za tarakimu na namba za risiti.