Gundam wa kichwa kikubwa: boksi lipi la SD ununue kwanza

Gundam alianza kama katuni ya maroboti ya kivita kwenye televisheni huko Japani mwaka 1979, na mwaka uliofuata kampuni ya vinyago ya Bandai ikaanza kuuza modeli zake za plastiki za kujiundia. Matoleo ya SD, yaani yale ya kichwa kikubwa, mwili mfupi na miguu minene, yana mfululizo wake wa modeli tangu 1987. Kwa anayeanza kukusanya ni pazuri pa kuingilia: roboti inatosha kiganjani, vipande vinabanana bila gundi, na mengi ya maboksi haya unayamaliza jioni moja.

Tatizo ni kwamba kwa nje maboksi yanafanana, ndani yanapishana sana. Ukitaka kujua unachonunua, uliza rangi ziko wapi: zimo ndani ya plastiki yenyewe, zimepakwa kiwandani, au ni stika? Stika ndiyo huharibika kwanza. Kingo zake hubanduka, hasa zinapopita kwenye kona, na joto na unyevu wa pwani huharakisha. Mpangilio huu tumeupima kwa kigezo hicho, pamoja na bei, viungo na urahisi wa kuunda.

1. SD Gundam Cross Silhouette

Ndilo chaguo letu la kwanza. Mfululizo huu ulitoka 2018, na kila roboti ina kiunzi cha ndani kinachovishwa ganda la nje. Kuna kiunzi kifupi cha SD na kingine kirefu kinachoongeza mikono na miguu, kwa hiyo roboti ileile unaweza kuibadilisha umbo na kuisimamisha kwa pozi nyingi zaidi. Macho pia unachagua, yenye mboni au yasiyo nazo. Angalizo moja: si kila boksi lina kiunzi kirefu, baadhi huuzwa kando. Soma ubavu wa boksi kabla ya kulipa. Mengi yake Japani huuzwa kati ya yen 1,000 na 2,000, na roboti zenye mabawa au silaha kubwa hupita hapo.

2. MGSD

Hizi ni SD zilizoundwa kwa ufundi wa MG (Master Grade), modeli za Bandai za daraja la juu, na kwa ubora hili lingekuwa la kwanza. Lilianza 2023 na roboti iitwayo Freedom Gundam, kisha nyingine, Barbatos, ikafuata. Kiunzi kimekamilika, viungo vinakunja vizuri, na rangi karibu zote zimo kwenye plastiki, kwa hiyo hata usipogusa stika roboti inapendeza. Tumelishusha kwa sababu vipande ni vingi na vidogo mno, na bei huzunguka yen 4,000 au zaidi. Mkono usiozoea kukata utaharibu kitu cha thamani. Unda mbili au tatu za bei ndogo kwanza.

3. SD EX-Standard

Rahisi, chini ya yen 1,000, na silaha zake zinaweza kushikwa na roboti za HG (High Grade), modeli za umbo la kawaida za kipimo cha 1/144, jambo linalowafurahisha wenye mkusanyiko mkubwa. Lakini hazikunji kama Cross Silhouette, baadhi ya silaha ni tupu upande wa nyuma, na stika ni nyingi. Nzuri ya kujifunzia.

4. Gashapon na FW Gundam Converge

Hizi haziundwi, zimepakwa rangi kiwandani. Gashapon hutoka kwenye mashine ya sarafu, zikiwa ndani ya vikasha vya plastiki vya mviringo, na huwezi kuchagua utakayopata. Converge huuzwa kama zawadi inayoambatana na peremende. Ni ndogo, zinapanga vizuri kwenye rafu, ila viungo ni vichache. Panga na bunduki zake za plastiki laini hupinda zikikaa kwenye joto. Zitumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa nusu dakika hivi, zinyooshe kwa vidole, kisha zitie kwenye maji baridi zigande.

5. SDW Heroes

Roboti hizi zimevaa kishujaa na kofia za kivita, na mtoto atazipenda. Ila mkusanyaji atachoshwa na stika.

Kukata ndiko kunakoharibu

Vipande huja vimeshikamana na fremu ya plastiki. Usivivunje kwa mkono, na usitumie kikata kucha: makali yake yaliyopinda hung'oa nyama ya kipande. Tumia koleo la kukatia lenye upande mmoja bapa, na kata mara mbili. Kwanza mbali, ukiacha kishina cha milimita 3 hivi. Kisha, kipande kikiwa huru mkononi, kata karibu na uso wake na umalizie kwa msasa wa namba 600, halafu 1000. Ukikata mara moja tu, plastiki hupinda kabla ya kukatika na kuacha doa jeupe. Kwenye buluu na nyeusi linaonekana hata kutoka mbali.

Pembe za kichwani huja na kijibonge kwenye ncha, kimewekwa kwa usalama wa watoto. Mtu mzima akikikwangua kwa wembe, uso wote unabadilika.

Stika ishike kwa kibanio, si kwa kidole, maana mafuta ya ngozi huua gundi. Ukitaka kutia wino kwenye mifereji myembamba iliyo juu ya uso wa modeli, tumia kalamu ya Gundam Marker yenye ncha nyembamba. Wino wa enameli unapendeza zaidi, lakini kiyeyushi chake kikiingia kwenye viungo vilivyobanana, plastiki hupasuka, wakati mwingine siku kadhaa baadaye.

Feki na kuagiza

Modeli halisi ina jina BANDAI lililochongwa kwenye fremu yenyewe, na maboksi mengi yaliyotoka kuanzia 2018 yana nembo ya buluu ya Bandai Spirits, kampuni dada ya Bandai. Kwenye feki matundu hubana mpaka pini inakatika, au viungo hulegea. Kiungo kilicholegea kipake supaglue nyembamba kwenye gololi yake na ukiache kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

Ukiagiza Japani, unganisha maboksi matatu au manne kwenye mzigo mmoja, kwani usafiri wa boksi moja unaweza kuzidi bei yake. Hesabu pia ushuru wa forodha na VAT: asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania, inayokokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru huo. Rangi za enameli na gundi za modeli usiziweke kwenye mzigo wa ndege. Zinashika moto na zitazuiwa.