Kikokotoo cha IPSS-M: nakipa nyota 4, ila jeni ya TP53 ipimwe kwanza

Jamani kama mna mgonjwa aliyeambiwa ana MDS (ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu vizuri) baada ya kutibiwa kansa nyingine huko nyuma, mtakutana tu na hiki kikokotoo cha kukadiria hatari ya ugonjwa huo, kiko mtandaoni bure kabisa. Shangazi yangu alipigwa kemo na mionzi ya saratani ya titi akapona vizuri, miaka imepita sasa uboho ndo hautengenezi damu inavyotakiwa, na daktari wake alikifungua tukiwa tumekaa naye pale pale.

Kilitoka 2022, kimetengenezwa kwa data za wagonjwa karibu 3,000 na kinaangalia jeni 31. Unaingiza himoglobini, chembe sahani, asilimia ya blasti (chembe changa za damu ambazo hazijakomaa) kwenye uboho, majibu ya kromosomu, halafu jeni, kinakupanga kwenye kundi moja la hatari kati ya sita. Kile cha kabla yake, IPSS-R ya 2012, haikuwa na jeni kabisa, na wagonjwa ambao MDS yao imeletwa na kemo hawakuhesabiwa wakati inatengenezwa, kwa hiyo kwa shangazi hii mpya ndo inamhusu.

Nilichokipenda kuliko vyote, jeni ambayo haijapimwa unaiacha wazi na chenyewe kinakutolea majibu matatu, la afadhali, la wastani na baya kabisa. Letu la afadhali na lile baya yalipishana sana maana TP53 ilikuwa haijapimwa, na kwa hawa wa baada ya kemo hiyo TP53 ina uzito mkubwa mno, hasa nakala zote mbili zikiwa zimeharibika, na mara nyingi utaikuta pamoja na kromosomu ya 5 au ya 7 iliyopungua. Basi tukajua hela tuliyochanga iende kwenye kipimo gani.

Kinachonikera ni kwamba hakiulizi kansa ya kwanza ilikuwa ipi wala imeisha au bado, umri hauingii kwenye alama zake, moyo na figo pia hakivijui, wakati hivyo ndo daktari anavihitaji akitaka kujua mgonjwa atahimili upandikizaji wa uboho au la. Halafu ni cha MDS tu, ikishakuwa AML (saratani kali ya damu) hakikuhusu.

Mkienda bebeni FBP (kipimo cha damu kamili) ya karibuni na ripoti ya uboho yenye kromosomu, na mwombeni daktari akijaze mbele yenu awaeleze kila namba.