Betri ya lithiamu ya Ah 30 kwenye boti: skrini haizimi tena, ila betri yenyewe haiagi

Kwa mwenye haraka: nunua. Kwenye boti yangu kuna skrini ya sonari (kitafuta samaki) ya inchi 9 yenye GPS ndani yake, redio ya VHF ya kuwasiliana majini na taa za LED, na betri hii ya lithiamu ya volti 12 na Ah 30 (ampea-saa, yaani ampea mara saa inazoweza kutoa) inavilisha vyote kuanzia alfajiri hadi narudi. Lakini kilichonifanya niipende sicho kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Boksi linasifu wepesi na maisha marefu. Mimi nasifu volti.

Betri ya asidi ikijaa na kutulia inasoma kama volti 12.7, na kuanzia hapo safari ni ya kuteremka. Ikifika nusu iko kwenye 12.1 hivi. Ongeza mzigo, ongeza waya mwembamba uliotoka nyuma ya boti hadi kwenye usukani, na skrini inapokea pungufu ya hapo. Ukiwa umeifunga kwenye betri ileile inayowashia mashine ndiyo balaa zaidi. Starta ikivuta, volti zinadidimia kwa sekunde chache, skrini inazima, inaanza upya, na wewe unakaa unaitazama nembo ya kampuni huku boti inasukumwa na mkondo kutoka kwenye jiwe ulilolitafuta asubuhi nzima.

Hii ya lithiamu ina seli nne za volti 3.2 zilizounganishwa mfululizo, jumla 12.8. Sonari nyingi zina kidirisha cha kuonyesha volti pembeni ya picha. Kama hujawahi kukiwasha, kiwashe. Changu kinasoma 13.2 ninapoanza kushusha mishipi. Jua likiwa la utosi bado kinasoma 13.1. Alasiri, mishipi inapopandishwa, nakuta 13.0. Mwanga wa skrini ni uleule, na redio inarusha sauti kwa nguvu zake zote. Mashine ina betri yake ya starta, na hizo mbili hazijuani kabisa.

Sasa ubaya wake, nao unatokana na uzuri huohuo. Betri ya asidi inapokaribia kuisha inalalamika: taa zinafifia, unaona mwenyewe. Hii haisemi kitu. Volti zinakaa palepale hadi chaji inapobaki kidogo sana, kisha zinaporomoka, na saketi ya ulinzi iliyo ndani inakata umeme zikikaribia 10. Giza. Kwa hiyo kupima kwa volti kama tulivyozoea hakusaidii, 13.1 inaweza kuwa betri iliyojaa vizuri au iliyobaki nusu. Yangu ina Bluetooth na programu ya simu inayoonyesha asilimia, na hapo ndipo nainyima nyota moja. Usipoijaza hadi mwisho mara kwa mara, asilimia zinapotea njia: simu inakwambia 40 na betri inakata. Kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka, kinachofungwa kwenye waya wa hasi, kinaaminika zaidi. Mtengenezaji angeweka kengele ndogo tu ya kulia chaji ikibaki kidogo, ningempa nyota zote.

Ukubwa usiuchague kwa kukisia wala kwa ushauri wa muuzaji. Geuza skrini nyuma au fungua kitabu chake, tafuta wati. Yangu inakula kama wati 20; gawanya kwa 12.8 unapata ampea 1.6. Redio ikisikiliza tu haifiki nusu ampea. Ukibonyeza kuzungumza kwa wati 25 inavuta 5 hadi 6, lakini nani anazungumza saa nzima? Taa za LED hazizidi nusu ampea. Jumla ni 2.5 hivi, mara saa 10 ni Ah 25. Kwangu Ah 30 inatosha na chenji kidogo inabaki. Mwenye sonari ya kuonyesha samaki moja kwa moja wanavyokwenda, ile yenye boksi lake la pembeni, asiiguse hii; aanzie Ah 50, na akiwa na skrini mbili aende 100 moja kwa moja.

Kupata hizo Ah 25 kwa betri ya asidi bila kuiua mapema, unahitaji ya Ah 50, kwa sababu haitakiwi kushuka chini ya nusu mara kwa mara. Hiyo ni kilo 15 hivi. Yangu haizidi 4. Ukiwa na kiboti cha kubeba begani unajua maana yake.

Hata hivyo sitamwambia kila mtu ahamie lithiamu. Mwenye skrini ya inchi 5 isiyofika ampea moja, anayevua saa chache na kurudi, betri kavu ya AGM (ya asidi iliyofungwa) ya Ah 12 inamtosha kabisa, na chaja yake inapatikana popote. Asichukue tu betri ya gari. Ile ina sahani nyembamba za kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiichosha taratibu kila siku kwa skrini, haikawii kufa.

Mkononi mwa muuzaji, angalia mambo mawili. Kwanza, lithiamu si moja. Ninayoisema ni ya fosfati ya chuma, LiFePO4, ambayo haishiki moto kirahisi kama ndugu zake. Zipo nyingine za seli kama za simu. Nne mfululizo zikijaa zinafika volti 16.8, na si kila skrini inavumilia hizo. Pili, iweke kwenye mizani. Ah 30 mara 12.8 ni wati-saa 384, na betri ya namna hii hutoa kama wati-saa 100 kwa kila kilo. Ukiona Ah 30 yenye kilo mbili, imeandikwa Ah 30 tu.

Maandishi ya IP67 kwenye ganda yanamaanisha inastahimili kuzama mita moja kwa dakika 30. Ganda ndilo linalostahimili, si nati za kufungia waya. Zilizokuja na yangu zilikuwa za chuma cha kawaida, zikaanza kutoa kutu ya kahawia kwa chumvi; nimeweka za chuma kisichoshika kutu na kupaka grisi. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, na fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri, kwa ampea zilizotajwa kwenye kitabu cha skrini. Fyuzi ikikaa kwenye usukani, waya wote wa kutoka nyuma hauna mlinzi.

Chaja iwe ya LiFePO4, inayofika volti 14.6 na kuacha. Chaja ya asidi yenye hatua ya kufufua betri inapandisha volti kupita kiasi, usiiunganishe. Wala usiilishe betri moja kwa moja kutoka kwenye alteneta (jenereta) ya mashine. Weka chaja ya DC kwa DC, inayodhibiti umeme unaopita, katikati, la sivyo alteneta inaweza kuchemka ikijaribu kuishibisha. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 usiichaji kabisa, ingawa kuitumia unaweza.

Msimu wa kupumzisha boti, naiacha ikiwa na nusu ya chaji na kuchomoa waya zote. Ile ya starta, ya asidi, ndiyo naijaza hadi juu kabla ya kuiweka, maana asidi ikikaa bila chaji sahani zinaota salfeti, ukoko unaoziharibu.