Boma la Iringa: nilifuata makumbusho, nikakuta hospitali

Niliuguza wagonjwa wa akili miaka 27 kabla sijastaafu, kwa hiyo jengo lolote lililowahi kuwa hospitali hunivuta. Mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikiwa kali, nilivaa masweta mawili, nikapanda bajaji na mjukuu wangu kutoka Kihesa mpaka Boma.

Kijana aliyetutembeza alitupokea kwa "Kamwene, mama!" Nilipomwambia kazi niliyofanya, akaiacha mikuki na vyungu kwanza, akatusimamisha ukutani. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 liwe hospitali ya jeshi lao. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana nao, alijiua Julai 1898, basi mawe haya yalipangwa hata miaka miwili na nusu haijapita. Niligusa ukuta nikanyamaza. Tangu vita vya Lugalo mwaka 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani, hadi kifo chake, nchi hii ilijaa majeruhi, na hospitali iliyokuja kusimama ilikuwa ya askari wa mkoloni.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza, wakaligeuza ofisi za utawala. Makumbusho yalifunguliwa 2016.

Ghorofani mjukuu akauliza, "Bibi, na vichaa walilazwa chumba gani?" Nikamwambia kwanza tuseme wagonjwa wa akili. Kisha nikamweleza kwamba enzi za Wajerumani waliowapokea walikuwa wamisionari wa Lutindi, kule milima ya Usambara, mbali mno na Uhehe. Serikali ya Waingereza ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na wagonjwa wengi wa nyanda hizi wamepelekwa huko. Mpaka leo mtu akikasirika humwambia mwenzake "nenda Mirembe". Neno hilo linaniuma sana. Mirembe watu hutibiwa, wakapona, wakarudi kulima mahindi yao. Nimewaona kwa macho yangu.

Kijana alisikiliza yote, hakutuharakisha hata kidogo. Aliuliza maswali kama mtu anayetaka kujua kweli, na mambo ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, aliyaeleza vizuri mpaka mjukuu akakaa chini kumsikiliza. Kwa huduma ile nampa nyota tano.

Ukienda, nenda asubuhi, usizunguke peke yako, na umwombe mwongozaji aanze na kuta kabla ya vitu vilivyomo. Tenga saa mbili. Mimi narudi Desemba na wajukuu wa Makambako wakifunga shule.